Mwani wa Muhazi na Soda ya Mzee Ilyasi

Jumatatu, 8 Julai 1991

Leo ni siku kubwa. Ndiyo maana nimenunua daftari jipya.

Kwanza maelezo. Mimi ni Nzeyimana Swalehe, mzaliwa wa Biryogo hapa Kigali, mwosha chupa wa maabara kwa miaka tisa. Nasema mwosha chupa kwa sababu humu hakuna wa kumdanganya. Nje ya daftari hili mimi ni fundi wa maabara. Naandika Kiswahili makusudi. Bwana Mkurugenzi anasoma Kifaransa na Kinyarwanda tu, na hata akilikuta mezani atadhani ni orodha ya sabuni.

Haya. Asubuhi Bwana Mkurugenzi alitukusanya. Akasema Jumatatu ijayo anakuja Profesa kutoka Ulaya, bingwa wa selulosi. Selulosi ndiyo inayofanya uzi uwe uzi. Imo katika pamba, imo katika mkonge na mgomba, imo hata katika mwani wa ziwani. Profesa anataka kujua namna fuwele za nyuzi hizo zilivyopangika kwa ndani. Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimekaa kwa mpango, kila moja mahali pake, kama chumvi. Mimi siku zote nilidhani uzi ni uzi tu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu tumboni mwa mama.

Mashine tunayo, ile ya eksirei ya kupimia madini. Profesa atakaa wiki mbili. Akiondoka atachagua mfanyakazi mmoja aende kusoma kwake miezi sita, arudi na cheti.

Cheti! Mzee Ilyasi, mtengeneza sabuni wa Kimisagara, aliniambia mwezi wa Machi kwamba siku nitakapomletea karatasi yenye jina langu na muhuri, siku hiyo nije na wazee wangu kumposa binti yake Umuhoza. Nikamjibu karatasi iko njiani. Mpaka leo iko njiani. Umuhoza nampenda, naandika bila aibu. Na si mimi peke yangu ninayepita Kimisagara nikijifanya nanunua sabuni, yuko na muuza viatu mmoja wa Nyabugogo.

Mpinzani wa cheti ni mmoja tu, Mukashema. Fundi wa kweli, ana funguo za kabati zote. Yeye amepewa mkonge, mgomba na mafunjo. Mimi nilinyoosha mkono kabla Bwana Mkurugenzi hajamaliza sentensi, nikapata mwani. Mukashema hakunung'unika. Mwanamke huyu hanung'uniki, anaandika. Daftari lake la maabara lina kila kitu, hata saa aliyopiga chafya.

Mkonge kila mtu anaujua. Mwani ni wangu peke yangu. Mambo yamekwisha.

Jumanne, 9 Julai

Mwani unaotakiwa unaota kwenye mawe ya ziwa Muhazi. Nyuzi ndefu za kijani, laini kama nywele. Lakini siku hizi za vita njia ya mashariki ina vizuizi vya askari, na hati ya kusafiri inachukua siku nne na maswali arobaini. Mimi si mtu wa kusimama foleni. Léonidas, dereva wa mradi, huenda Rwamagana, karibu na ziwa hilo, kila Jumanne na hati yake ni ya kudumu. Nikampa gunia na maelekezo.

Alirudi saa kumi. Gunia linachuruzika maji ya kijani, kiti cha nyuma kimelowa, harufu ni ya samaki aliyekata tamaa. Ndani mlikuwa na konokono wawili wazima. Léonidas aliniomba kwa upole nisimtume tena kitu kinachotembea.

Mukashema alipita akatazama. Alinishauri nitenge konzi moja nisiioshe, iwe ya kulinganishia. Eti ndiyo desturi. Nilimshukuru sana, nikamwita dada, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Halafu nikamimina gunia lote katika beseni. Nani anafuata ushauri wa mpinzani wake?

Jumatano, 10 Julai

Barua ya Profesa ina maelekezo ya kuosha. Nimeyasoma mara tatu kwa Kifaransa changu cha kusomea chupa. Soda kali, ile ya kupikia sabuni, kijiko kimoja kwa lita moja ya maji. Moto mdogo. Saa mbili. Suuza.

Kijiko kimoja! Mzungu huyu hajawahi kufua kanzu. Mama amenilea kwa neno moja, usafi ni nusu ya imani. Kwetu kanzu ya Ijumaa hulowekwa tangu Jumatano, na ikitoka hapo unaweza kujitazama sura. Ikiwa kijiko kimoja kinasafisha, kopo zima linang'arisha. Hesabu ya darasa la pili.

Soda ya maabara iko kwa Mukashema, naye angetaka kuandika kiasi. Basi nikashuka Kimisagara kwa Mzee Ilyasi. Aliniuliza soda ya nini. Nilimwambia ni utafiti wa serikali, siwezi kusema zaidi. Alinitazama juu ya miwani yake. Akasema yeye anapika sabuni tangu mwaka hamsini na nane, na soda haina rafiki. Hupimwa kwa mizani, haipimwi kwa hamu. Nilisema ndiyo mzee. Akanipa kopo la kilo mbili.

Umuhoza alikuwa anakata miche ya sabuni kwa waya. Aliniuliza kama ni kweli kwamba sasa nawafundisha Wazungu. Nilijibu kwamba bado, tumo katika mazungumzo. Akacheka mpaka waya ukapinda. Nikapanda kilima kile chote bila kuhisi miguu.

Kopo zima nimelitia. Maji yamepata moto yenyewe bila jiko! Hiyo nayo ni akiba ya kuni.

Ijumaa, 12 Julai

Ajabu! Mwani ni mweupe. Mweupe pee! Nyuzi zimenenepa, zimefupika, zinang'aa. Lile beseni zima sasa linaenea katika bakuli la uji. Nimelifikiria jambo hilo, nimeona kilichopungua ni uchafu. Vidole viwili vimebabuka, nimevifunga kitambaa. Msomi lazima awe na alama.

Niliusuuza mara kumi. Nikauchana kwa kitana cha Mama, ambaye hana habari na asiipate. Nikaufunga utepe mwekundu.

Mkonge wa Mukashema ni wa rangi ya udongo. Nyuzi za mgomba zina madoa. Mafunjo ndiyo kabisa, kama yametoka bondeni jana, na kweli yametoka bondeni jana. Aliosha kwa kijiko kimoja, saa mbili, jicho kwenye saa ya ukutani. Nilimwonea huruma. Kisha nikazisogeza sahani zake nyuma ya mizani, ili jicho la Profesa lifike kwangu kwanza.

Jumatatu, 15 Julai

Profesa amekuja. Mrefu, mkimya, soksi hazifanani. Alitutoa sote nje, uani, ili atueleze kazi yake.

Nyuzi za selulosi, alisema, zimetengenezwa na minyororo mirefu ya sukari. Akatupanga watu kumi na wawili safu tatu, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake, sote tunatazama lango. Kila safu ni mnyororo mmoja. Katika mmea na katika mwani, minyororo yote inatazama upande mmoja, maana inasukwa pamoja na kutoka mahali pamoja. Tofauti iko katika kusogea. Aliiambia safu ya pili isogee mbele nusu hatua, na ya tatu isogee tena mbele nusu hatua. Huo ni mpango wa Alfa, ndio mwingi katika mwani. Halafu akairudisha safu ya tatu nyuma, ikawa moja mbele, moja nyuma. Huo ni mpango wa Beta, ndio mwingi katika pamba na mkonge. Na ndani ya uzi mmoja mipango yote miwili hukaa kama wake wenza. Anataka kujua mwani wa Rwanda una Alfa kiasi gani.

Bwana Mkurugenzi alirudi nyuma wakati wa kwenda mbele, akamkanyaga Eustache, karani wa masjala. Eustache alisema hakuna neno, Bwana Mkurugenzi.

Hapo nikaona nafasi. Nikasema kwa sauti kwamba hizo ni kama safu za swala, wote wanaelekea kibla, ila safu moja imepishana kidogo na nyingine. Profesa alifurahi kweli. Alisema huo ni mfano bora kuliko wake. Mukashema akauandika. Nilichungulia nijue kama ananiibia. Alikuwa ameandika na jina langu pembeni. Sijui ni mtego wa namna gani.

Jumatano, 17 Julai

Siku mbaya. Nitaandika kwa kifupi.

Picha za eksirei zimetoka. Uzi ukipigwa miale, fuwele zake huacha alama kwenye filamu, na bingwa huzisoma. Picha za Mukashema, zile nyuzi chafu, zina vitone na matao madogo, kila kimoja mahali pake. Profesa alisema vizuri sana mara tatu.

Picha yangu ina pete zilizofifia, na hazipo mahali pake.

Aliniuliza nilitia soda kiasi gani. Nilisema kijiko. Akauliza kijiko cha ukubwa gani. Nikasema kikubwa. Akatazama vidole vyangu vilivyofungwa kitambaa, akakaa chini. Alieleza bila hasira. Soda ikizidi hupenya ndani ya fuwele, ikazitanua, minyororo ikaachana, na inapojipanga upya mingine inatazama lango na mingine inatazama ukuta. Bado ni selulosi. Tena inang'aa, wafuma nguo wa kwao huifanyia pamba hivyo makusudi. Lakini si ile iliyosukwa na mwani.

Niliuliza kama siki kidogo haiwezi kuirudisha.

"Hairudi," alisema Profesa. "Uisuuze, uikaushe, ungoje miaka mia. Ikishageuka haigeuki tena."

Nilijisikia vibaya, nakiri. Nilimwona Umuhoza akivishwa pete na yule muuza viatu wa Nyabugogo. Lakini Profesa ni mtu mwema. Kanipa mpaka Ijumaa nilete mwani mwingine wa Muhazi, nioshe kwa kijiko kidogo.

Ijumaa! Na Léonidas haendi mpaka Jumanne.

Alhamisi, 18 Julai

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Nilikuwa natia udhu wa alfajiri msikitini kwetu, nikiwaza Muhazi, Muhazi, Muhazi. Mkono ukagusa kitu laini ukutani mwa birika la maji ya udhu. Nikatazama. Nyuzi ndefu! Za kijani! Zimeota kimo cha shubiri mbili! Nilisahau nimefika kiungo gani, ikabidi nianze udhu upya.

Baada ya swala nilimwomba mzee mwadhini ruhusa ya kusafisha birika. Aliniombea dua ndefu. Alisema miaka yote amekuwa akiwasubiri vijana wajitolee. Nilikwangua kuta zote nne, nikapata mfuko mzima.

Maji ni maji. Mwani ni mwani. Mvua iliyojaza Muhazi ndiyo iliyojaza birika. Tena huu umekulia mahali pa ibada. Nimeosha kwa kijiko kimoja, saa mbili, si kwa sababu nimekubali, ila kopo limekwisha. Kwenye sahani nimeandika Muhazi kwa herufi nzuri sana.

Mukashema aliuliza Léonidas amekwenda lini tena. Nilisema nina njia zangu. Akaandika.

Jumamosi, 20 Julai

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Picha imetoka. Vitone vikali kama tundu za sindano, pande zote, safi. Profesa aliishika kwenye mwanga. Alisema miaka mingi hajaona mwani wenye fuwele kubwa namna hii, na Alfa imejaa. Akanipa mkono mbele ya watu wote. Akasema atakapoandika makala jina langu litakuwemo. Bwana Mkurugenzi naye akanipa mkono, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na akaniita kwa jina la Eustache.

Sikungoja. Niliteremka Kimisagara mbio. Nilimwambia Mzee Ilyasi karatasi imekaribia, wazee wangu watafika Jumapili ya tarehe ishirini na nane. Alisema karibuni. Umuhoza alisimama mlangoni, hakucheka safari hii, aliniangalia tu kwa furaha, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Naandika haya na kalamu inateleza.

Mama aliposikia alisema nisipopunguza kuongea peke yangu njiani watanipeleka Ndera, kwenye hospitali ya wenye wazimu. Hajui huyu mama amezaa nini.

Jambo dogo moja. Profesa anataka kuliona lile jiwe la Muhazi. Tunaondoka Jumanne kwa gari la mradi. Hakuna tabu. Ziwa lina mawe mengi.

Jumanne, 23 Julai

Tulikwenda wanne. Léonidas kwenye usukani, Profesa pembeni yake, mimi na Mukashema nyuma. Toka njiapanda ya Sonatubes mpaka ziwani nilizungumza mimi tu. Nilieleza nilivyoingia majini mpaka kifuani, na baridi, na mamba. Léonidas alikohoa. Alisema Muhazi hakuna habari ya mamba. Nilisema ndiyo maana niliogopa, sikumtegemea.

Tuliposhuka garini, Mukashema alinivuta kando. Alisema Jumanne ile gunia lilipovuja alichukua konzi moja sakafuni akaihifadhi, kwa desturi. Ameshaipiga picha jana na kuitazama kwa darubini. Nyuzi za Muhazi zina matawi. Nyuzi zangu za Ijumaa hazina hata tawi moja.

"Mwambie wewe mwenyewe," alisema. "Mimi sitaki kukusemea."

Angenishtaki moja kwa moja ningemheshimu. Lakini kunipa nafasi! Niliona mtego wazi. Nikatembea mpaka ukingoni, nikachagua jiwe zuri, nikalionyesha kidole. Profesa akavua viatu na zile soksi, akaingia majini. Akachuma nyuzi kidogo, akazitazama kwa lenzi yake. Akatazama tena. Akaniuliza kama ni hapa kweli. Nikasema wallahi ni hapa. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema labda jiwe la pili. Akamuuliza Léonidas alinileta lini. Léonidas akatazama ziwa, akanitazama mimi, akasema njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu, na mimi hata nusu yake sijakuendesha.

Basi nikasema. Birika, msikiti, udhu, yote.

Profesa alikaa juu ya jiwe na miguu mitupu. Nilingoja anitukane.

"Birika la msikiti katikati ya Kigali," alisema. "Ungeniambia birika ningeandika birika, na jina lako lingekuwa la kwanza. Soda nilikusamehe. Hili la leo siwezi."

Tukapanda gari kurudi mjini. Mukashema alinipa nusu ya chapati yake. Niliila. Nilikuwa na njaa.

Mukashema ndiye anayekwenda Ulaya.

Alhamisi, 25 Julai

Nimeosha chupa mia na ishirini. Nimevunja nne.

Jioni nilikwenda Kimisagara kumwambia Umuhoza kwamba posa iahirishwe, Profesa ameugua. Hakuningoja nifike kwenye ugonjwa wenyewe. Alisema ameshaonana na Mukashema, ananunua sabuni kwao, na hakumsema vibaya. Akaendelea kupanga miche kwenye kikapu. Nikamsaidia. Kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema.

"Najua unaosha chupa. Nilikuja huko mwaka jana kukuletea mwavuli, nikakuona dirishani umejaa povu mpaka viwikoni, unaimba. Nikarudi na mwavuli wangu. Baba hakutaka karatasi. Wewe ndiye uliyeanza kutaja karatasi, yeye akasema basi tuione. Njoo Jumapili, mwambie kwa mdomo wako kazi yako ni nini. Yeye anapika sabuni, wewe unaisuuza. Atakukatalia nini?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia yeye ni bora kuliko mimi, na ni kweli. Akasema anajua. Alinipa mche wa sabuni wa Mama.

Nimelia kidogo njiani, si sana. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Jumapili nitakwenda mikono mitupu, nitasema ukweli mtupu, basi. Uamuzi huo naupigia mstari.

Jumamosi, 27 Julai

Profesa ameondoka asubuhi. Ameniachia bahasha kwa Eustache.

Nilidhani ni barua ya kunifukuza. Si barua. Ni filamu ya eksirei, ile ya mwani wangu wa kwanza, ule wa soda, pete zote zimefifia, imebandikwa kwenye karatasi nene ya kampuni ya filamu. Chini ameandika kwa mkono wake, kwa Kifaransa, wino mwekundu: *Nzeyimana. Mwani wa Muhazi. Umeharibiwa na soda. Haufai kwa lolote. Weka ukumbuke.*

Nilikaa nayo chooni muda mrefu. Nikaona aibu yangu yote. Nikamkumbuka Umuhoza na yale maneno ya Alhamisi. Nikaisoma tena.

Nikaisoma mara ya tatu, na ndipo nikaona. Karatasi. Nene. Jina langu. Mkono wa Profesa wa Ulaya.

Kilichokosekana ni muhuri tu!

Eustache alisema muhuri ulio karibu ni ule wa masjala, unaosema IMEPOKELEWA. Nilimwambia muhuri ni muhuri. Akaugonga mara mbili kwa uzuri. Fundi seremala wa Biryogo ameitia fremu ya mninga na kioo. Naitazama hapa mezani. Pete zile ukiziangalia vizuri zinafanana na medali.

Nimejifunza mengi wiki hizi tatu. Nimejifunza kwamba kosa langu halikuwa soda, Profesa mwenyewe amesema soda alinisamehe. Wala halikuwa birika. Kosa lilikuwa kuwa na picha mbili. Mtu mwenye picha moja nani atamlinganisha na nini?

Ukweli nitamwambia Mzee Ilyasi, nimeahidi, nitamwambia. Baada ya fremu. Wazee wangu wameshapiga pasi kanzu zao, kesho saa nne tunashuka Kimisagara. Mzee hajui hata neno la Kifaransa.

Umuhoza ndiye anayekijua, alisoma shule ya masista miaka sita. Nitaomba itundikwe juu kabisa, karibu na dari.